Nilimpa Mtani Kisima cha Baba Juu ya Kaburi

Wasomaji wenzangu, mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mjane, na wengi wananiita Mama Kulwa kwa sababu uzazi wangu wa kwanza ulikuwa mapacha. Nalima tumbaku na karanga katika kijiji kimoja upande wa Goweko, mkoani Tabora. Jina la kijiji nalificha, si kwa kuogopa mtu, bali kwa aibu. Nikipita barabarani watu wananitazama... na wana haki ya kunitazama.

Niwaambie mapema: mimi nina mdomo. Nasemwa hivyo tangu nikiwa msichana. Harusini naitwa nichekeshe, msibani naitwa niwafute watu machozi kwa kicheko. Niliuringia mdomo huu kama wengine wanavyoringia ng'ombe. Sikujua kwamba utaniponza, mimi na kijiji kizima!

Kwetu kiangazi ni kirefu. Mvua zikikatika, ardhi inapasuka na maji yanabaki sehemu moja tu, kwenye mbuga iliyo chini ya kijiji. Familia saba zilikuwa na mashamba na visima pale. Kisima cha baba yangu ndicho kilichokuwa kikubwa. Alikichimba kwa mikono yake akiwa kijana, na hakikuwahi kukauka. Hata wafugaji waliopita na mifugo yao kutoka Igunga walinyweshea pale, wakashukuru, wakaenda zao.

Siku moja ikaja kampuni. Walitaka mbuga yote! Walisema watajenga jumba kubwa la kompyuta, la kuhifadhi picha, video na mambo yote yaliyomo kwenye simu za watu. Tukauliza, kwa nini lisijengwe mjini? Wakajibu kwamba mashine zile hupata joto saa zote, lazima zipozwe, na chini ya mbuga yetu kuna maji.

Nikasimama mkutanoni. "Yaani mashine zenu zina kiu kuliko ng'ombe wa Kisukuma?"

Watu walicheka mpaka wageni nao wakacheka. Kisha nikauliza bila mzaha: kiangazi sisi tutakunywa nini? Wakasema wataalamu wataliangalia hilo. Tukapiga kura ya mikono, tukakataa. Lori la kuchimba lilipokuja kupima maji, wanawake tulikaa katikati ya barabara juu ya ndoo zetu tulizozifudikiza, tukimenya karanga. Lori likageuza. Jamani, siku ile tulijiona watu!

Nguvu yetu ilikuwa baba. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa zile familia saba, na walikwisha kukubaliana kwamba neno lake ndilo neno lao. Neno lake lilikuwa fupi: kisima hakitolewi, mwenye kiu aje anywe.

Kampuni ilipoona hivyo ikabadili mtu. Ikamleta Shomari, bwana wa makamo, mcheshi, Mzaramo wa Kisarawe. Na hapo ndipo mkasa wangu unapoanzia.

Mnajua sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Babu zetu walipobeba pembe kwa miguu kutoka Tabora mpaka pwani, waliofia njiani walizikwa na watu wa huko. Na wa pwani waliofia kwetu tuliwazika sisi. Utani wetu umetoka makaburini. Mtani anaweza kukutukana, akakuchukulia kitu chako, na hutakiwi kukasirika. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye kasoro.

Shomari alifika kwetu asubuhi akamsalimia baba shikamoo, kisha akanigeukia mimi. "Nyie wabeba mizigo, nani kawaachia kisima? Kazi yenu ni mabegani!"

"Na wewe Mzaramo," nikamjibu, "umeiacha ngoma na nani, mpaka umepata nafasi ya kuja kuomba maji?"

Baba alicheka mpaka akakohoa. Tangu siku ile Shomari akawa mtu wa nyumbani. Alifunua masufuria yangu bila kuomba. Kila akiondoka alisema, "Kisima changu mnitunzie!" nasi tukacheka. Mara moja tu baba aliniambia, "Mwanangu, mtani huyu analipwa mshahara wa kututania." Nikampuuza. Ah, laiti ningelimsikiliza!

Masika yalipoisha baba akaugua kifua. Hakuchukua hata wiki mbili, akatutoka...

Msibani Shomari alifika kabla hata ya ndugu zangu wa Ulyankulu. Alichimba kaburi mpaka viganja vikatoka malengelenge. Sitaki kusema uongo, alifanya kazi kuliko wanaume wa ukoo wetu. Mpaka leo sijui yule alikuwa mtu wa namna gani.

Jeneza lilipokuwa tayari kuteremshwa, akarukia kaburini na kulala chali! Kwetu hilo si geni. Mtani hulala humo, hudai kitu, akipewa hutoka na mazishi yanaendelea.

"Sitoki!" alipaza sauti kutoka shimoni. "Mbeba mizigo huyu hazikwi mpaka nipewe changu!"

Nikamwonyesha kuku, akakataa. Nikamwonyesha fimbo ya baba, akakataa.

"Nataka kisima!"

Waombolezaji wakaangua kicheko. Hata katekista alijiziba mdomo kwa kitabu cha sala. Na mimi, mwenye mdomo wangu, ningekubali kushindwa na Mzaramo mbele ya kijiji kizima? Huku machozi yananitoka, huku nacheka, nikapaza sauti: "Chukua! Chukua kisima, chukua na mbuga yote, hata mimi mjane nichukue! Toka tu nimzike baba yangu!"

Akatoka, akanikumbatia, tukazika. Simu zilikuwa zimeinuliwa juu kila upande, lakini siku hizi ni msiba gani usio na simu?

Arobaini haijafika, tukaitwa mkutanoni. Mezani palikuwa na televisheni. Wakawasha... na niliyemwona ni mimi mwenyewe! "Chukua kisima, chukua na mbuga yote." Wakazima hapo. Kaburi halikuonekana, wala Shomari aliyelala ndani yake. Mtu wa kampuni akasema mtoto wa marehemu ameridhia, na yeye ndiye mrithi wa mkubwa wa familia saba.

Niliinuka. "Jamani, ule ulikuwa utani! Si wote mlikuwepo?"

Wote walikuwepo. Wote walicheka.

Aliyesimama ni shangazi Nyamizi, dada wa baba. Nikashusha pumzi, nikajua sasa napata mtetezi. "Mwanangu," akasema, "kilichotolewa kaburini hakirudi. Ukimnyang'anya mtani, ni sawa na kumfukua kaka yangu."

Hakusema vile kwa kuipenda kampuni. Alikuwa analia. Ndivyo tulivyolelewa, na mimi mwenyewe miaka ya nyuma nilimwambia jirani yangu maneno hayo hayo, alipotaka kurudishiwa mbuzi aliyempa mtani msibani.

Nikamgeukia Shomari aliyeketi upande wa wageni. "Mtani, waambie!"

Aliangalia viatu vyake. "Mtani, mimi nilidai tu kama mila. Waliopokea ni wakubwa zangu."

Mzee mmoja wa zile familia akauliza, kama kisima cha mkubwa wetu kimeshaondoka, sisi wengine tunalinda nini? Akaenda mezani kutia dole gumba. Wa pili akafuata, na wa tatu. Nadhani walikuwa wamechoka siku nyingi, walitafuta tu pa kuegemea, na mimi nikawapa. Nilibaki nimesimama na hasira ambayo mila yetu hainiruhusu kuwa nayo. Unamkasirikiaje mtani aliyemzika baba yako?

Msidhani nilikaa kimya. Mwanafunzi mmoja wa upadri Kipalapala alinisaidia kuandika barua. Nilikwenda mjini Tabora mara nne, nikakaa kwenye benchi la ofisi hii na ile. Mara ya nne, dada mmoja wa mapokezi alinitazama sana, akatabasamu. "Si wewe mama wa kwenye video? Mbona ulitoa mwenyewe?" Nilichukua kanga yangu nikarudi nyumbani. Kuna mlango gani wa kubisha, ikiwa sauti yako mwenyewe imetangulia kukusema?

Leo jumba limesimama. Ni refu, halina madirisha, linanguruma kutwa kucha. Kisima cha baba kimo ndani ya uzio. Nakiona kupitia nyaya, kimefunikwa kwa zege. Visima vya nje ya uzio vimeshuka kimoja baada ya kingine, na kiangazi hiki viwili vimekauka kabisa. Kampuni imetuwekea bomba moja getini. Asubuhi linatoa, mchana linadondosha matone.

Wenzangu tuliokaa nao juu ya ndoo barabarani, sasa nikifika foleni wanasogeza ndoo zao pembeni. Juzi mmoja wao akanitazama, akasema taratibu, "Mama Kulwa, tuchekeshe basi." Sikuwa na neno. Mimi, wa kukosa neno!

Shangazi Nyamizi hatoki nje siku hizi. Shomari alihamishwa, sikumwona tena. Lakini ile video bado inatembea. Doto, yule wa pili wa mapacha wangu, alinipigia kutoka Dar es Salaam, akaniambia wajukuu wameniona kwenye simu wakacheka mpaka wakagaagaa. Nikamuuliza mlinzi wa getini, mwanangu, hizi video za watu huwa zinakaa wapi? Akaelekeza kidole gumba nyuma yake. "Humu, mama. Au kwenye majumba kama haya."

Basi huenda nimo humo ndani, nimesimama kando ya kaburi, natoa kisima kila anaponifungua mtu, na maji ya baba yananipoza nisiungue...

Ndugu zangu, utani ni urithi wetu na sikatazi mtu kutania. Lakini mtani akija na mwajiri nyuma yake, ulizeni kwanza ni nani anayedai. Msimpuuze mzee anaposema neno mara moja tu. Na kitu ambacho kijiji kizima kinakitegemea kisitoke mdomoni mwenu hata kwa mzaha, hata kama kaburi limefunguliwa na watu wanasubiri mcheke. Nawasihi, msipite nilikopita! Mimi nilikitoa kwa pumzi moja, na kesho alfajiri naamka kukipangia foleni.