Siku ya Kuanika Vitabu

Alhamisi, saa mbili asubuhi

Chumba cha nyuma cha mgahawa wa supu, mjini Jeonju. Watu watatu, bakuli tatu, hakuna aliyekula.

Tak Man-ho, mkuu wa kundi, miaka sitini na moja, alichora ramani mezani kwa kijiti kilicholowa.

"Leo maktaba ya chuo inaanika vitabu vya hazina, vile vya kale. Mara moja kwa mwaka vinatolewa uani vipate hewa. Wafanyakazi hawatoshi, wanaita watu wa kujitolea kufunua kurasa. Pyo, utakuwa mmoja wao. Mimi ni mzee aliyekuja kutazama."

"Kutoka je?" akauliza Pyo Gi-seok, mkono wake wa kulia kwa miaka ishirini.

Alijibu Bi Ok, aliyejalidi vitabu vya maktaba hiyo hadi akastaafu. "Pitieni upande wa vitabu vya kawaida, walikojaa wanafunzi. Vile vina vibandiko vya king'ora. Vya hazina havina, gundi inakula karatasi. Mlango hautalia."

Akasukuma mezani nakala aliyoishona mwenyewe. Juzuu ya tisa, nasaba ya ukoo mmoja. Kulikuwa na tajiri aliyetaka ile halisi ipotee, maana ilionyesha kwamba babu yake aliingia ukoo kwa kununua. Man-ho hakujali. Aibu za watu zilimlisha tangu ujana, na alishazichoka.

"Jumamosi namwoza binti yangu Seul-a," Man-ho alisema. "Alipoanza shule nilikuwa ndani. Alipomaliza, ndani. Nikikosa na hii, sina mtoto tena. Kwa hiyo hatujuani. Akidakwa mmoja, mwingine anapita."

"Sawa, kaka mkubwa."

"Na huko usiniite kaka mkubwa, mbwiga wewe."

Saa nne na dakika kumi

Vitabu vililala wazi juu ya mikeka. Pyo alivaa aproni na miwani ya bandia, akifunua kurasa kwa mikono iliyooshwa. Man-ho alizunguka polepole. Magoti yalimuuma.

Akafika mkeka wa Pyo, akainama kama anayesoma. Nakala ikatua. Juzuu ya tisa halisi ikaingia mfukoni mwa Man-ho. Kazi ya kupepesa jicho.

Man-ho akageuka kuondoka, na Pyo akamwinamia.

Si ile salamu ya kijana kwa mzee. Miguu kapanua, viganja mapajani, mgongo umenyooka ungeweza kuwekewa sinia. Kwa miaka ishirini bosi akiondoka, Pyo anainama hivyo. Mazoea yana tabu.

Mlinzi Bang aliwahi kuwa mpelelezi. Salamu ile aliijua. Ni majambazi tu wanaoitoa, kwa bosi wao. Akamkamata Pyo ukosi, akaokota nakala, akainusa.

"Gundi mbichi! We mzee! Unamjua huyu?"

Mlango ulikuwa hatua kumi. Pyo alitazama chini. Alishakaa jela miaka minne kwa kosa la Man-ho.

"Simjui," Man-ho akasema.

"Mbona kakuinamia hivyo?"

"Labda kafundishwa adabu kwao."

"Nimemfananisha, afande," Pyo akasema. Bang akanyoosha mkono kuelekea mfuko wa mzee. Pyo akamng'ata, akakimbilia upande wa pili, na walinzi wote wakamwandama.

Man-ho akapita katikati ya wanafunzi. Mlango haukulia.

Garini Bi Ok aliuliza, "Pyo?"

"Endesha."

"Man-ho, Pyo yuko wapi?"

"Nimesema endesha!"

Jumamosi, saa tano kasoro dakika tano

Pyo alikamatwa, lakini hakumtaja mtu. Polisi hawakuja kwa Man-ho.

Nje ya ukumbi wa harusi, Man-ho alivaa glavu nyeupe, akampa binti yake mkono. Muziki ukaanza. Seul-a hakuushika.

"Baba, kaka Pyo yuko wapi?"

"Kabanwa na kazi. Twende, mwanangu."

"Mahafali yangu yote alikuja yeye. Nilipolazwa, alilala sakafuni wiki nzima. Simu yake haipatikani tangu Alhamisi, na kila nikikuuliza unakwepa macho yangu."

"Seul-a, watu wanasubiri."

"Wasubiri. Siingii bila yeye."

Akavuta kiti, akaketi na gauni lake lote, macho mlangoni. Man-ho alisimama kando yake, amechoka kuliko siku zote za gerezani.