Juu ya Paa la Mzee Polikarpi

Ofisi ya Kata inawatangazia wananchi wote kwamba mkeka mmoja wa mafunjo, wenye mistari miwili ya zambarau, uliokutwa umeanikiwa kahawa katikati ya uwanja wa ndege wa Kihanga, umehifadhiwa ofisini. Mwenye mkeka afike na shahidi mmoja. Kahawa imekwisha kukauka.

Tangazo hilo lilibandikwa Julai 1992 kwenye ukuta wa duka moja la Omurushaka, siku ya soko, likapata wasomaji wengi kuliko lilivyostahili. Barazani pa duka hilo alifanyia kazi Telesfori, fundi cherehani mwenye shati lililonyooshwa kwa pasi hata mahali pasipoonekana. Msichana aliyevaa ovaroli ya bluu na buti za kamba alipenya katikati ya wasomaji, akatandaza kitambaa cha rangi ya chungwa juu ya cherehani.

"Habari za kazi, fundi. Nataka mfuko usio na kitako. Mpana huku, mwembamba kule."

"Suruali ya mguu mmoja. Mwenyewe alipatwa na nini?"

"Ni mfuko wa kuonyesha upepo, pale uwanjani."

"Kwani upepo wa Kihanga hauonekani mpaka uvalishwe?"

"Hauonekani. Ndiyo sababu marubani hufa."

Telesfori alichukua tepu yake. Msichana huyo alikuwa Placidia, binti wa mkulima wa migomba wa kijiji cha Ndama, aliyeajiriwa na mradi wa kuhesabu wanyama pori na kuteuliwa kujifunza urubani. Ndege yenyewe ilikuwa bawa la turubai, injini yenye sauti ya mashine ya kusaga, viti viwili na magurudumu matatu. Haikuwa na mlango wala usukani. Rubani aliiongoza kwa kuvuta na kusukuma fimbo ya chuma iliyoning'inia chini ya bawa.

Fundi aliupeleka mfuko uwanjani mwenyewe, ingawa hakuna aliyemwomba. Wiki iliyofuata alirudi kuukagua mshono, na wiki nyingine kukagua ukaguzi wake. Kufikia Septemba wazee wake walikuwa wamefika Ndama na vibuyu vya rubisi, pombe ya ndizi, na uchumba ukakubaliwa.

Tatizo lilikuwa paa. Upepo ulipotoka mashariki, ndege ililazimika kutua ikitokea magharibi, na upande huo, hatua mia mbili kabla ya uwanja, ilisimama nyumba ya Mzee Polikarpi, baba yake Telesfori. Katika ukoo wao mke wa mwana hakuruhusiwa kuwa juu ya kichwa cha baba mkwe. Hakupanda hata darini kushusha maharage ikiwa mzee yumo ndani. Mzee Polikarpi hakuona kwa nini kanuni hiyo iishie darini.

"Amesema ukipita juu yake, uchumba umekwisha," Telesfori alimweleza Placidia Jumapili, wakitoka kanisani. "Kata kona mapema. Pita kati ya nyumba na uwanja."

"Pale nitakuwa chini mno kukata kona, mpenzi. Chini yangu ni migomba tu."

"Kwa ajili yangu, Placidia."

Watu wenye akili timamu wamefanya mambo ya hatari kwa maneno hayo matatu. Placidia alikubali.

Alhamisi mwalimu wake, Hategekimana, alishuka kwenye kiti cha nyuma na kumfungia kofia ngumu.

"Leo unaruka peke yako. Ndege itakuwa nyepesi, itapenda kupanda na itachukia kushuka. Usiibembeleze."

Alipanda vizuri na kuzunguka vizuri. Aliporudi akitokea magharibi, aliikwepa nyumba, akakata kona kali juu ya migomba. Bawa likapoteza upepo. Telesfori, aliyesimama uwanjani na tepu shingoni, aliliona likiangukia upande mmoja kama mlango uliong'oka bawaba. Placidia akavuta fimbo kifuani, ndege ikapata mwendo, ikapiga ardhi kwa pua na kupinda gurudumu la mbele.

"Nani alikufundisha kona ile?" Hategekimana aliuliza. Placidia alishuka, akampita. Alimfuata Telesfori.

"Nusura nife kwa adabu," alimwambia kwa sauti ya chini. "Usije tena hapa."

Hakuja kwa wiki tatu. Gurudumu lilipokwisha kutengenezwa alitokea akiwa amevaa koti jeusi, kama mtu anayekwenda kuhojiwa.

"Nimekuja kuliondoa ombi langu. Pita juu. Nitakuwa nimekaa na baba ndani, utupite sote wawili."

"Na akivunja uchumba?"

"Atavunja wa kwake. Wa kwangu nimeushona mwenyewe."

Placidia aliinama kukaza kamba za buti zake. "Ukiwa ndani hutaniona nikitua."

"Nitasikia, rubani wangu."

Kesho yake upepo ulitoka mashariki. Injini ilikaribia, mabati yakatetemeka, masizi yakadondoka kwenye uji wa Mzee Polikarpi.

"Huyo nani?"

"Mkweo, baba."

Kisha injini ikanyamaza. Telesfori alihesabu hadi kumi, akashindwa kuendelea, akatoka mbio. Alimkuta Placidia amesimama kando ya ndege nzima, kofia kichwani, kamba yake imemshinda kufungua. Akamfungulia. Hapo tu ndipo yeye mwenyewe alipovuta pumzi.

"Mzee amesema nini?" Placidia aliuliza.

"Hajasema. Nimegeuka njiani nikamwona anatoka, anakwenda ofisi ya kata."

Jumatatu waliitwa wote kwenye kikao cha kata. Placidia alivaa kitenge kipya, mshono wa Telesfori, akaketi kando ya mchumba wake hadharani, mkono wake katika mkono wa fundi, mbele ya Mzee Polikarpi aliyetazama ukuta. Katibu Kata alisimama, akasoma:

"Kikao kimeamua kwamba ndege itatua kwa kufuata upepo, kwamba paa la Mzee Polikarpi lisipitiwe juu, na kwamba uchumba huu haujavunjika wala hauendelei, hadi kikao kijacho, ambacho tarehe yake itatangazwa."