Alama za Mkono wa Nkambo

Kitendawili! Kila Jumamosi namlisha mafuta. Akishiba, anamwangusha mwenye nyumba. Ni nani? Hapana, si mbwa. Ni sakafu, wajukuu zangu! Sakafu ya saruji nyekundu, iliyopigwa nta mpaka unaona meno yako ndani yake.

Hivyo ndivyo ilivyong'aa sakafu ya bibi mmoja wa Makomeno, nkambo Adolphine. Kila Jumamosi mjukuu wake Daniella, msichana wa darasa la sita, alitoka kwao Naviundu kuja kumfanyia usafi. Alifagia, akapiga nta, kisha akafuta alama nyeusi za ukutani. Wageni walisema, "Huyu mutoto iko na mikono!" Naye akazidi kusugua.

Siku moja nkambo alitoka chumbani, akateleza, puu! Mfupa haukuvunjika, lakini kiuno kilivimba. Papa Constantin, mwana wa nkambo na baba yake Daniella, alikuja mbio.

"Mama, hii nyumba iko hatari. Utakuja kukaa kwetu?"

Nkambo alitazama dirishani. Humo nyumbani ndimo alimozaa watoto wake wote, na kila asubuhi majirani walimsalimia kutoka barabarani.

Daniella aliitazama sakafu aliyoing'arisha. Akinyamaza, nani atajua?

"Papa, nyumba haina kosa," alisema. "Ni mimi. Nkambo aliniambia nta imezidi, mimi nikaongeza ili wageni wanisifu."

Papa alimkazia macho. "Basi utaitengeneza namna gani?"

Daniella alichota maji ya moto na sabuni, akaondoa nta yote mpaka sakafu ikapauka. Alipogeukia ukuta, nkambo, aliyeketi kitini, akamzuia.

"Acha hizo alama, mutoto. Ni mkono wangu. Hapo ndipo ninapojishikilia magoti yakikataa."

Kumbe! Uchafu aliokuwa akiufuta ulikuwa njia ya nkambo: mlangoni, kwenye kona, mbele ya choo.

"Papa, leta bomba za chuma! Tuzifunge pale pale penye alama."

Papa alitoboa ukuta, Daniella akimwonyesha mahali. Zulia lililokunjamana walilitoa. Kidato cha baraza, ambacho macho ya nkambo hayakukiona vizuri, Daniella alikipaka rangi nyeupe.

"Wageni watasema nimefilisika," nkambo alilalamika, huku akicheka.

Kiuno kilipopoa, nkambo alishika chuma cha kwanza, kisha cha pili, akafika barazani peke yake. Daniella hakupumua mpaka nkambo alipoketi.

"Leo umekuwa mutu mukubwa, Daniella," nkambo alisema. "Kumsaidia mzee si kupamba nyumba yake unavyotaka wewe. Mtazame kwanza anavyotembea. Na ukikosa, sema mapema, kama ulivyosema."

Kisha akamgeukia mwanawe.

"Na wewe, Constantin, uliniuliza. Siendi. Ila Jumapili mutakuja wote kula hapa, na vyombo mutaosha ninyi."