Betri Iliyovimba

Kila Jumamosi, Orpa alipomaliza kufagia ua na kusugua sufuria, alipeleka simu ya shangazi yake, Tantine Emérence, kwa Mama Hawa, mfanyabiashara wa Butembo aliyechaji simu kwa jenereta. Jumamosi hii haikuwa ya mchezo. Mama yake alikuwa Beni, karibu kuzaa, na vita vilikuwa vimefunga barabara. Baba, aliyekuwa naye, angepiga simu saa kumi.

Njiani Orpa alikuta wenzake wanaruka kamba. Akatoa kamba yake, akaruka nao mpaka saa nane. Foleni kwa Mama Hawa ilikuwa ndefu, basi akarudi nyumbani, akavuta nyaya mbili kutoka betri ya gari iliyowasha taa yao, akazigusisha kwenye betri ya simu. Mara ikawa ya moto kama kiazi kilichotoka jivuni, ikavimba tumbo.

Alikimbia nayo tena kwa Mama Hawa, akaipita foleni.

"Imevimba yenyewe," alisema.

"Yenyewe? Ilikula maharagi?" Mama Hawa alicheka, akanyoosha mkono aitie kwenye chaja.

Orpa aliuona mkono ule. "Hapana weka, Mama Hawa. Ni mimi. Niliichaji na batri ya motokari."

Mama Hawa aliitoa nje haraka, akaiweka juu ya mchanga, mbali na dumu la mafuta.

"Ungenyamaza, ingewaka mu mikono yangu. Donc sikia. Batri inataka chaja yake, polepole. Hapana kwa jua, hapana karibu na makaa. Ikijaa, unaitoa. Vile itadumu."

Kisha akafungua simu yake mwenyewe, ya aina ileile. "Kamata batri yangu. Mais chaji imebaki kidogo sana."

Saa kumi simu ililia. Tantine na kaka zake Orpa wawili walisogeza masikio.

"Kasereka," sauti ya Baba ilisema. "Mama anakula."

Simu ikazimika. Ilitosha. Kwa Wanande, kabila lao, mvulana wa tatu huitwa Kasereka. Tantine alicheza ua mzima, mwiko mkononi.

Alipotulia, Orpa alimweleza yote.

"Ulichelewa, ukadanganya, kisha ukasema kweli," Tantine alisema. "Ile kweli iliokoa mikono ya Mama Hawa, ikatuletea habari ya Kasereka. Siku ingine anza na kweli. Na kamba yako nitakutunzia mpaka mutoto afike hapa."

Orpa alimpa kamba, akicheka.