Vigae vya Bibi Isabela

Kila alfajiri Veridiana aliteremka bondeni pamoja na wanawake wa Mkunya kuteka maji, kisha akapanda mlima na debe kichwani kabla ya kwenda shule ya misheni. Zamani walitumia mitungi. Lakini kimbunga kiling'oa mikorosho na kuezua nyumba, hata bwana shauri, mkuu wa wilaya, akaja na gari kutoka Newala kutazama. Mitungi yote ikabaki vigae.

Debe lilifaa kwa maji ya kupikia, ila halikufaa kwa unyago. Mwisho wa mwezi dada yake, Julia, angetolewa mwali, na mwali wa ukoo wao huogeshwa kwa maji ya mtungi mpya wenye nakshi za ukoo. Aliyezijua nakshi hizo ni bibi yao, Bibi Isabela, peke yake, naye alikuwa amevunjwa mkono na boriti siku ya kimbunga. Kwa hiyo Bibi aliketi barazani akielekeza, Veridiana akifinyanga.

Kwanza alimwagiza aponde vigae vya mitungi ya zamani, achekeche unga wake na kuuchanganya na udongo. Rafiki yake Fatu akapita, akacheka.

"Leo kwenu mnakula ugali wa vigae?"

Veridiana aliona haya, na viganja vilikuwa vimetoka malengelenge. Akavitupa shimoni vigae vilivyosalia, akamwambia Bibi kwamba amemaliza.

Mtungi ulitoka motoni mwekundu, wa kupendeza. Ndipo alipouona ufa kwenye kitako, mwembamba kama unywele. Akauziba kwa utomvu wa mkorosho, akapaka udongo juu yake. Hakuna aliyegundua. Bibi alizipapasa nakshi kwa mkono wake mzima, akaridhika. Julia akaupakata mtungi.

"Mdogo wangu, nilidhani kimbunga kimeninyang'anya siku yangu."

Maneno hayo yalimchoma Veridiana.

"Bibi, nilikudanganya," alisema. "Sikuponda vigae vyote. Mtungi una ufa."

Bibi hakumgombeza. Alimwambia autie maji. Baada ya muda utomvu ukaachia, maji yakadondoka miguuni pa Julia. Kila mtu alielewa jinsi ambavyo yangevuja mbele ya wageni.

Jioni ile majirani walileta vigae kutoka kwenye vifusi vya nyumba zao, wakaketi kuponda. Fatu naye akaja na jiwe lake.

"Shikamoo, Bibi. Nimekuja kuupika ule ugali."

"Marahaba. Ponda, usiongee."

Siku ya unyago mtungi wa pili haukuvuja hata tone. Julia aliogeshwa, vigelegele vikapigwa. Bibi akamwita Veridiana kando.

"Vile vigae ni vya mitungi waliyoifinyangia Mkunya nzima mama yangu na mama yake. Vikichanganywa na udongo mpya, mtungi huuhimili moto. Kazi hiyo ulitaka kuikimbia. Lakini ulisema kweli mapema, tukapata nafasi ya kufinyanga tena. Ungenyamaza, kimbunga kisingekuwa na kosa; tungekuwa tumeupoteza mtungi wetu sisi wenyewe."

Kisha akamwekea kiganjani kijiti chake cha kuchorea nakshi.