Mstari Mmoja Uliogeuza Barua za Léa

Minyi Kalunga, muretraité wa Kamina, muzee wa pensheni, naapa mbele ya batu yote ya hii page: humu hamuna hata neno moja ya uongo. Anayebisha, aende kumuuliza Mungu!

Léa alinikamata kola pale gare ya treni, mbele ya mama yake na waaskari wawili!

"Yaya Kalunga! Nani alikuambia Kisimba anafika leo?"



Ngojeni, niwaelezee.

Mwaka 1999. Vita ilikuwa inasukuma watu kutoka kaskazini, Kamina ilijaa waaskari na fununu. Minyi njo nilichunga ordinateur ya misheni moja, ile kompyuta ya zamani ya maandishi ya kijani, bila picha. Ilituma na kupokea barua kwa radio, asubuhi na saa kumi. Nilijifundisha mwenyewe, kitabu bila jalada, siku tatu tu!

(Sawa, miezi tatu.)

Léa alikuwa mwalimu, ananiita Yaya, ni kusema kaka mukubwa. Mrembo... acheni! Mchumba wake Kisimba alikimbilia Zambia, anamwandikia kila wiki. Nilichapa barua, nikampatia. Anaichekea karatasi... si minyi!

Wivu ukanishika. Siku moja nikaandika:

echo kalunga > ~lea/.forward

Basi! Kila barua ya Léa ikageuka njia, ikaingia kwangu.

"Yaya, hakuna kitu?"

"Hakuna, mama. Ni vita."

Na barua zake alizoniletea nitume? Zililala kwenye droo.

Wiki sita! Kisha Kisimba akaandika: "Nisipopata jibu mpaka tarehe 30, naenda Afrika ya Kusini. Nitajua umeniacha."

Nikaisoma mara nne. Nikaificha pia.

Tarehe 28 ikaingia ingine: "Nafika Kamina kesho, treni ya saa nane. Kisimba."

Mungu wangu!

Kesho yake nikapanda kinga, baiskeli yangu ya zamani, nikapiga pédale kama kichaa. Nilitaka kumuwahi Kisimba, nimuambie Léa ameolewa!

Kufika gare... treni hakuna. Léa akatoka nyuma ya ukuta na mama yake, njo akanikamata kola!

"Ile barua niliandika minyi! Nilienda mpaka Kaniama, batu ya radio ya kule bakaituma kwangu na jina ya Kisimba. Sikuambia muntu. Mwizi peke yake njo angekuya!"

Mama yake, Mama Agar, akapiga makofi.

"Eh! Kumbe panya iko na kinga!"

"Barua zangu ziko wapi?" Léa alikuwa analia sasa.

Nikamwambia yote. Na ile tarehe.

"Kesho?!"



Nikamuweka nyuma ya kinga, mbio mpaka ofisini. Nikafuta ule mstari mbele yake. Saa kumi kasoro dakika tano! Yeye anasema, minyi naandika. Chini nikaongeza: "Kisimba, ni minyi Kalunga niliiba barua zenu."

Radio ikalia... ikapeleka.

Asubuhi jibu likaingia kwa Léa, moja kwa moja:

"Nakuya! Huyo posta wako alete mbuzi ya ndoa."

"Moja?" Mama Agar akakataa. "Mbili!"

Siku ya ndoa yao nikavuta mbuzi mbili kutoka soko mpaka kwao, muchana kabisa, batu wananipigia miluzi. Ya pili ikanipiga pembe mbele ya wanafunzi wa Léa!

Wapendwa, barua ya muntu ni ya muntu. Inabeba maisha yake.

Na kama ulishaisoma kwa wizi... usikimbilie gare!