Mabakuli Matatu Chini ya Msolo

Jua lilikuwa linazama Mzee Kassimu aliponiambia nigeuze gari.

"Turudi Likuyu. Nimesahau unga."

"Unga tunao, mzee. Kilo tano."

"Huo ni wa kula. Mimi nataka mfuko mmoja ambao haujafunguliwa. Geuza, Mngoni. Mnajua kukimbia vitani tu, dukani mnakuwa wazito?"

Kwenye kiti cha nyuma Sista Adela akacheka. Nikageuza.

Nilikuwa na haki ya kuwa na wasiwasi. Hiyo ilikuwa safari yangu ya kwanza kukabidhiwa peke yangu, na bosi wangu wa kampuni ya utalii pale Songea alikuwa ameniambia maneno machache tu: "Pankrasi, hii ikivunjika, usirudi ofisini." Mgeni wangu alikuwa mmoja. Sista Adela, mwenye miaka sabini na moja, alikuwa amefundisha darasa la kwanza kule kwetu Maposeni miaka arobaini na minne. Yeye mwenyewe ndiye aliyenishika mkono nikaandika herufi a. Alipostaafu, wanafunzi wake wa zamani walimchangia safari ya mbuga tatu: tuanzie pori la jamii nje ya Likuyu, twende Mikumi, tumalizie Ruaha. Alikuwa na ombi moja. Aone tembo akiwa amesimama kwa miguu yake, si kupitia kioo cha gari.

Ndiyo maana tulikuwa na Mzee Kassimu. Alikuwa askari wa wanyamapori wa kijiji, Myao wa Nalasi, na bunduki yake ilikuwa kuukuu kama kofia yake. Alicheka sana. Alisoma nyayo kama sisi tunavyosoma gazeti.

Kambini, kabla ya kuwasha moto, alifagia kwa kiganja chini ya mti wa msolo. Akachota unga, akaumimina kwa ncha za vidole, taratibu, akinong'ona maneno ya kuomba njia, mpaka ukasimama kama kichuguu kidogo chenye ncha. Akafanya wa pili. Akafanya wa tatu. Kisha akavifunika kwa mabakuli yetu: lake la bluu, la Sista lenye maua, langu la bati lililobonyea.

"Na mimi Mkatoliki nawekewa?" Sista akauliza.

"Njia haiulizi dini, Sista. Miguu yako inapita, na unga wako unapita."

"Haya. Lakini rozari yangu nasali vilevile."

"Sali. Mimi nimeshaswali Magharibi. Tukiomba wengi si vibaya."

Akatueleza. Asubuhi tunafunua. Unga uliosimama, mwenyewe anaingia porini. Ulioanguka, mwenyewe anabaki kambini, anachemsha chai, anawasubiri wenzake. Haugusi. Haurekebishi.

"Na mtu akiugusa?" nikauliza.

Mzee aliacha kutabasamu.

"Mdogo wangu Saleh aliugusa. Ilikuwa kule Tunduru, miaka ile ya simba waliokula watu. Unga wake ulianguka, akaona aibu kubaki. Akausimamisha kwa mkono. Tuliingia porini watu wanne. Tukatoka wanne."

"Basi mlitoka salama," Sista akasema.

"Tulitoka wanne, Sista. Lakini Saleh hakuwemo."

Ukuni ulipasuka motoni. Hakuna aliyeuliza wa nne alikuwa nani.

Niliamka wa kwanza, kungali na ukungu. Kiongozi wa safari ndiye anayechemsha chai. Nilipita karibu na msolo, nikasimama, nikarudi hatua mbili. Nikafunua bakuli langu.

Unga haukuwa umeanguka tu. Ulikuwa umechotwa.

Nusu yake haikuwepo. Katikati palikuwa na shimo, laini, kama vidole vimeingia kutoka chini ya ardhi. Bakuli halikuwa limesogea hata kidogo. Na palikuwa na harufu... harufu ya manyoya yaliyolowa, ilhali mvua ilikuwa haijanyesha tangu Mei.

Mchwa, nikajiambia. Mchwa hula chochote.

Nikafikiria ofisi. Sheria ya kampuni ilikuwa wazi: mgeni haingii porini bila kiongozi wake. Nikibaki mimi, Sista anabaki, na safari imevunjika siku ya kwanza.

Nikatazama mahema. Kimya.

Unga uliobaki haukutosha kusimama. Nikainua bakuli la bluu. Nikachota unga wa Mzee Kassimu, mkono mmoja, nikajaza shimo langu. Nikalainisha kwa vidole. Nikachonga ncha. Nikauchonga na wake uliopungua, nikafunika yote, nikaenda kuchemsha chai. Mikono yangu haikutetemeka. Hilo ndilo linalonisumbua hadi leo.

Mzee alifunua akiwa na kikombe mkononi. Wa Sista umesimama. Wangu umesimama. Alipofika kwake akainama.

"Wangu umesinyaa," akasema. "Uzee huu, hata unga unakonda."

Akacheka. Sista hakucheka.

Tulifuata nyayo mchana kutwa. Mzee alitufundisha jambo moja: porini hatuitani majina. Yeye akipiga makofi mawili, mimi nijibu moja. Mawili, moja. Mawili, moja. Ndivyo tulivyokwenda, yeye mbele, Sista katikati, mimi nyuma, majani makavu yakivunjika chini yetu.

Jioni tukawapata. Walikuwa kwenye mto mkavu, kumi na wanane, wakichimba mchanga kutafuta maji. Mtoto mmoja alikuwa amelala chini ya tumbo la mama yake. Sista alishika mdomo wake kwa mikono miwili. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Wakubwa hivi," akanong'ona, "na hawana kelele."

Nilijiambia: unaona? Ulifanya vyema.

Nyayo za tembo zilikuwa zimetuzungusha, na gari sasa lilikuwa umbali wa nusu saa. Tulishika njia ya mkato ambayo hatukuwa tumeipita, jua likiwa limeshuka nyuma ya miombo. Ndege walikuwa wamenyamaza. Mzee akasimama ghafla.

Kwenye njia, mbele yake, kulikuwa na alama nyeupe.

Alama ya kiatu. Kisha nyingine. Nyingine. Zilikwenda mbele yetu, zikielekea kwenye gari. Mzee akainama, akagusa kwa kidole, akanusa.

Unga.

Kisigino cha kulia kilikuwa na mkato. Kiatu changu cha kulia kina mkato.

Zilikuwa nyayo zangu, mahali nilipokuwa sijapita.

Mzee alinyanyuka polepole. Alitazama viatu vyangu. Kisha mikono yangu. Kisha kucha zangu.

"Kijana," akanong'ona. "Uliugusa?"

Ningeweza kusema. Nafasi ilikuwepo, pana kama mlango.

"Hapana, mzee."

Akanitazama muda mrefu. Hakukasirika. Alikuwa na uso wa mtu aliyekuwa akitafuta kitu na sasa amekipata.

"Wangu ulisinyaa," akasema, kama anajiambia mwenyewe. Kisha akatupanga upya. Mimi mbele, Sista nyuma yangu, yeye mwisho.

"Nitapiga mawili, jibu moja. Mfikishe Sista garini. Na usigeuke. Hata nikikuita jina, usigeuke. Umesikia?"

"Ndiyo, mzee."

Tukaenda.

Makofi mawili nyuma. Nikajibu moja.

Giza lilikuwa linajaa chini ya miti. Nilikanyaga nyayo zangu nyeupe moja baada ya nyingine, na kila nilipokanyaga mguu wangu uliingia sawasawa. Sista alikuwa anasali kwa sauti ndogo. Salamu Maria, hatua. Salamu Maria, hatua.

Makofi mawili. Moja.

Harufu ikaja. Manyoya yaliyolowa.

Makofi mawili, karibu zaidi. Nikajibu.

"Pankrasi."

Sauti ilikuwa ya Mzee Kassimu. Ilitoka mbali sana, ng'ambo ya mto.

Na papo hapo, hatua tatu nyuma ya Sista...

Makofi mawili.

Sista alinishika shati. "Usijibu," akanong'ona. "Mwanangu, usijibu."

Mkono wangu ulikuwa umeshajibu.

Tulikimbia, yeye na miaka yake sabini na moja. Nilimsukuma ndani ya gari, nikaingia, nikawasha taa. Mbele, njia tupu na miti. Niligeuka kutazama nyuma ya gari. Hapakuwa na mtu.

Kisha gari likainama upande wa nyuma. Kidogo tu. Kama linavyoinama mtu anapopanda.

Tulingoja. Nilipiga honi mpaka ikapoteza sauti. Sista alishusha kioo, akaita jina lake kamili, mara saba, akivunja mwiko wote. Mzee Kassimu hakutokea.

Tuliingia watu watatu. Mungu anisamehe, nadhani tulitoka watatu.

Askari walimtafuta siku nne. Walipata bunduki imeegemezwa kwenye mti, palepale tulipokutana na zile alama za unga. Haikuwa imefyatuliwa. Mzee alikuwa hajasogea hata hatua kumi nasi. Kando ya bunduki kulikuwa na viatu vyake vimepangwa sambamba, na ndani ya kila kimoja unga, umesimama, wenye ncha. Hakuna damu. Hakuna nyayo za mnyama.

Waliandika kuwa ni simba. Aliyeandika alikuwa mtu mzima, mwenye mvi. Alipofunga daftari aliniambia pembeni, "Simba hapangi viatu." Kisha akaondoka.

Kazi sikuipoteza. Bosi alinipa pole na likizo ya wiki mbili.

Miezi minne nilikaa kimya. Wiki iliyopita Sista Adela aliniita. Nilimkuta nyuma ya nyumba ya masista, amekaa kwenye benchi, anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Kaa."

Nilikaa. Alipukuchua gunzi zima kabla hajasema.

"Nilikuona."

"Uliniona wapi, Sista?"

"Usinifanye mjinga, nilikufundisha kuandika. Asubuhi ile. Nilikuwa macho, nasali. Nilikuona kupitia wavu wa hema unachota kwenye bakuli la bluu."

Nikaokota punje iliyodondoka, nikamrudishia.

"Kwa nini hukusema?"

Aliweka gunzi chini. Akaipangusa mikono, mikono ileile iliyonishika nikaandika a.

"Nilitaka kuona tembo," akasema.

Kuku mmoja alikuja akadonoa punje miguuni pangu, ghafla akanyanyua kichwa, akatazama nyuma yangu, akakimbia.

"Nimeongea na mkewe kwa simu," Sista akasema. "Bibi Zena. Hakubali kuwa ni simba. Kila jioni anampakulia chakula, anafunika, anangoja. Hajavaa nguo za eda. Atangoja mpaka afe, Pankrasi. Mimi miguu hii haifiki Nalasi tena. Nenda ukamwambie. Sema yako, na yangu pia useme."

"Nitakwenda, Sista."

Aliponisindikiza getini alinong'ona bila kunitazama:

"Bado unayasikia makofi?"

Nikashika komeo la geti. Alijua.

Jana jioni nilinunua unga, mfuko ambao haujafunguliwa. Niliumimina kwenye sakafu ya chumba changu, nikasema maneno ya Mzee kadiri ninavyoyakumbuka, nikaomba njia ya kwenda Nalasi. Nikaufunika kwa bakuli langu lililobonyea.

Alfajiri nikafunua.

Umeanguka. Shimo katikati, laini.

Nilikaa nautazama mpaka mwadhini akaita. Anayeangukiwa na unga anabaki. Nikibaki, Bibi Zena ataendelea kufunika sahani. Safari hii sikuugusa. Niliuacha hivyohivyo sakafuni, nikafunga mlango, nikaenda stendi.

Nilikuwa kwenye mlango wa basi la Tunduru, mguu mmoja kwenye ngazi, niliposikia nyuma yangu, taratibu, kama mtu mwenye adabu asiyetaka kusumbua...

Makofi mawili.

Sikugeuka. Nikajibu moja. Tukapanda.

Naandika haya ndani ya basi. Tumeshapita Namtumbo. Abiria wamejaa, wengine wamesimama tangu Songea, na mama mmoja mjamzito ameegemea chuma, jasho linamtoka. Kiti cha pembeni yangu hakina mtu. Nimemkaribisha mara mbili akae.

Kila mara anakitazama, anaamkia kwa adabu, "Shikamoo," na haketi.